Shahidi wa Majina Yangu Mawili

Serikali ya Zaire ilipotukataza majina ya watakatifu, papa, baba yangu, alinipa jina la babu yake. Tangu hapo nikawa watu wawili: mumoja wa cheti cha ubatizo, mwingine wa karte ya kitambulisho. Hapa Kalemie hakuna aliyejali, mpaka nilipoomba viza ya kwenda kusoma Ubelgiji. Dosie ya maombi yangu ikarudishwa: nilete barua ya serikali kuhakikisha kama watu hao wawili njo muntu mumoja.

Kwenye biro ya serikali, karani alitaka shahidi aliyenijua kwa majina yote mawili. Nikamuleta mama.

"Hapana," karani akasema. "Mama aliyeandikwa kwenye ubatizo ana jina la mutakatifu. Karte yako, Mama, ina jina lingine. Sheria haikujui."

Nilitaka kumupindulia meza. Nilizaliwa na nani, basi? Nilizaliwa na dosie? Mama akanikanyaga mguu, akakaa, akafunga kitenge chake polepole, akamuambia karani:

"Mwanangu, wewe ulibatizwa siku moja na huyu. Siku ya kubadilisha majina, nani alikutolea ushahidi?"

"Mama yangu."

"Na yeye, ushahidi wake ulitolewa na nani?"

Karani akaangalia dirisha, kisha muhuri wake.

"Na wewe, Mama."

"Basi, kama sheria hainijui mimi, na wewe haikujui. Simama, utoke kwenye kiti hicho."

Karani akagonga muhuri kwenye barua yangu bila kusimama.