Kiti Kinacholala na Mama Mkwe

Juzi, kwenye ofisi ya tiketi za ndege hapa Kimanga, bwana mmoja alikuja na mama mkwe wake. Wanakwenda Kanada kuona mjukuu. Wiki nzima bwana huyu alitafuta ndege yenye viti vinavyolala kama kitanda.

"Iko viti mbili, zinafuatana," karani akasema, akigeuza kompyuta wajionee.

Mama akavuta kitenge hadi kidevuni. "Minye nilale pembeni ya mukwe?"

Bwana akaangalia viatu vyake, akamwambia karani: "Madamu, mama abaki pale. Minye uniweke nyuma, kwa viti vya kawaida."

"Sasa ni muzuri," mama akamwambia. "Weye utalala siku tutafika."

Wazungu wameweza kulaza kiti angani. Mkwe mbele ya mama mkwe, huyo halazwi.