Concept Map Yangu ya Mahari Ilivyofunguliwa Mbele ya Wakwe Kiritiri

Wakuu, salamu kutoka Makutano, Meru. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Mashahidi wapo, na kwa bahati mbaya ni wengi.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia. Ugonjwa wangu ni concept map. Unaandika wazo kwenye kisanduku, unachora mshale hadi wazo lingine, na juu ya mshale unaweka kitenzi. "Mizizi" hufyonza "maji." Basi, kichwa kinatulia.

Sasa, nina mpenzi Kiritiri, kule chini Embu. Anaitwa Wanja, ni fundi wa nguo, ana duka lake sokoni. Mambo yakaiva, wazee wetu wakapewa siku ya kwenda kwao kuongea mahari.

Msemaji wetu ni baba mdogo, Baba Kinya. Mzee wa watu, lakini akishika maneno anapotea. Kwa wakwe wa binamu yangu alianza na mbuzi akaishia kwa bei ya majani chai. Tulirudi nyumbani bila jibu.

Nikaona dawa ni concept map.

Nikachukua karatasi nzima ya manila. Katikati MAHARI, mishale ikaenda kwa mbuzi, blanketi, tangi la maji, pasta wa kutufungisha ndoa, hema la sherehe, hadi nyumba ya Kinoru, huku Meru, tutakayoishi. Hata tabia za wakwe niliziweka, maana Wanja alikuwa amenidokezea. Nikamwambia Baba Kinya aisome kwake na aiache huko huko.

Desturi mnaijua. Siku hiyo hakuna kusema kitu wazi. Msemaji anasema, "Tumesikia kondoo wetu mchanga ameingia boma lenu," na mwenye boma anajifanya hajui habari za kondoo. Muoaji anatulia kama maji mtungini.

Baba Kinya akasimama, akaanza na kondoo. Katikati ya maneno kondoo akampotea.

Akatoa manila kwenye koti. Akaikunjua mezani, juu ya vikombe vya chai, akasema kwa fahari, "Kijana yetu ni mwalimu. Mambo yote iko hapa, someni tu."

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke.

Baba Wanja akavaa miwani, akafuata mshale kwa kidole. "Baba Wanja... huogopa... Mama Wanja."



Shangazi mmoja wa pale akasema polepole, "Hiyo ni ukweli." Watu wakaangua kicheko. Baba Wanja hakucheka.

Mama Wanja akavuta karatasi upande wake. "Mama Wanja... hulainishwa kwa... kusifiwa muthokoi." Na Baba Kinya alikuwa anausifu ule muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, tangu tulipoingia! Hata mahindi yenyewe yaliona haya.

"Mishale mingi inakuja kwangu," mama akasema. "Kwani munataka kuoa mimi?"

Halafu akaacha utani. "Wanja ako wapi hapa?"

Nikatafuta. Mbuzi walikuwepo. Pasta alikuwepo. Hema lilikuwepo. Wanja hakuwepo popote. Niliona aibu ya kweli, si ile ya kuchekesha.

Akaitwa kutoka jikoni. Akaisoma yote akiwa amesimama, akafika kwenye nyumba ya Kinoru. "Na duka yangu?"

Akachomoa kalamu mfukoni mwa shati langu, akachora duara, akaandika jina lake, kisha mshale mrefu hadi kwangu. Nikangoja kitenzi. Akafunika kalamu.

"Mwalimu, hapo utajaza wewe." Akarudi jikoni.

Wazee wakatuambia turudi baada ya mavuno ya ndengu. Manila ilibaki huko. Nasikia Mama Wanja ameibandika sebuleni, na kila mgeni anaonyeshwa ule mshale wa mzee wake.

Nilichojifunza ni hiki: kabla hujampangia mtu maisha, muulize. Nilikuwa najua uhusiano wa kila kitu na kila kitu, na sikuwa nimemuuliza mwenye maisha anataka kuishi wapi.

Kesho nashuka Kiritiri kuuliza, mikono mitupu, bila karatasi. Mwenye kitenzi cha kufaa aniwekee hapo chini. Wale wa "anampenda" mtulie kwanza. Hicho nilishamtumia, akanijibu kwamba hicho ni cha kadi za kununua dukani.