Tutakutana Wapi Ardhi Ikitikisika

Ipo siku moja, mjukuu wangu, ambayo hata nikisahau mengine yote itabaki. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, hapa hapa Kishanda, na nilikuwa na mke aliyeitwa Kokugonza. Bibi yenu mnayemjua nilimwoa baadaye. Anazijua habari hizi, na ndiye aliyenihimiza nizisimulie. Juzi afisa wa kata alipokuja kutufundisha juu ya majanga, niliwaona ninyi vijana mkichezea simu. Sikukasirika. Nilijiona mwenyewe.

Kokugonza alitoka Maruku. Alipokuja kwangu alileta machipukizi ya migomba kutoka kibanja, shamba la nyumbani la baba yake, akayapanda kwa mikono yake nyuma ya jiko, wakati bi harusi mwingine angekuwa bado amekaa ndani anatazamwa. Alikuwa na mwendo wa haraka. Tukienda kanisani alinitangulia, kisha akasimama njiani, akageuka, akanisubiri huku anacheka. Nimesahau sura za watu wengi niliosoma nao, lakini namna alivyokuwa akigeuza shingo sijaisahau.

Tuliishi na baba yangu, Tata, ambaye mama alikuwa amemtangulia kaburini. Nyumba ilikuwa yangu, ya matofali, na nilijivuna nayo mno. Fundi alitaka kuzifunga kuta zote kwa mkanda wa zege kabla ya kupandisha ule ukuta wa pembeni unaoshika paa. Nilimwambia aendelee tu bila mkanda, nilikuwa na hamu ya kuhamia.

Siku moja tukiwa tunakula, ardhi ilitetemeka kidogo, vikombe vikagongana kabatini. Tata aliacha kula.

"Ninyi wawili," akauliza, "nyumba hii ikitikisika kweli, mtakutana wapi?"

Nilicheka. "Tata, haya ni matofali. Huu si msonge wa nyasi."

"Msonge ukikuangukia unatoka na nyasi kichwani," akasema. "Mimi nitakwenda rweya, kule kwenye nyasi tunakochungia mbuzi. Hakuna ukuta wala mti mkubwa. Nanyi mje kule, kila mtu kwa njia yake. Asiyefika ndiye tutakayemtafuta."

Alikuwa ameliona tetemeko utotoni mwake, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Mimi niliona ni uzee. Kokugonza ndiye aliyeendelea kulifikiria. Alipokuwa akitoa vyombo aliniuliza taratibu, kwa neno la heshima la kwetu, "Waitu, basi tukubaliane. Ni kule rweya?"

Nikamjibu, "Utanikuta tu."

Hayo ndiyo maneno yangu, mwanangu. Nimekaa nayo zaidi ya miaka hamsini.

Haikupita wiki mbili. Ilikuwa alasiri, kahawa imeanikwa uani. Nilimwambia mke wangu kichwa kinaniuma, nakwenda kulala kidogo. Akachukua ndoo akashuka chemchemini. Nilipojilaza usingizi haukuja, nikaamka, nikaenda kwa jirani yetu, Ta Rwegasira, kumsaidia kushika mbao za banda lake. Sikumwambia mtu yeyote. Ni mwendo wa dakika tano, nani anaaga kwa mwendo wa dakika tano?

Tetemeko lilitukuta pale. Halikuwa kubwa kama lile mlilolishuhudia ninyi, lakini lilitutupa chini. Lilipotulia tuliinuka tukijipangusa mavumbi, tukawa tunacheka jinsi kuku walivyotawanyika. Nilikuwa na amani kabisa. Tata alikuwa nje na mbuzi wake, na mke wangu alikuwa chemchemini, mahali pa wazi. Kila niliyempenda alikuwa salama.

Naye alikuwa salama kweli. Lakini yeye alijua mimi nimelala ndani.

Aliitupa ndoo, akakimbia kupanda kilima akiniita kwa jina. Wanawake waliokuwa naye walimsikia. Aliingia ndani kunitafuta, ardhi ikatikisika mara ya pili, na ule ukuta wa pembeni ukaangukia chumba chetu.

Niliusikia mshindo nikiwa kwa Ta Rwegasira. Tulikimbia, tukayaondoa matofali kwa mikono. Alikuwa bado anapumua. Tulimlaza kwenye machela ya miti tukaanza safari ya zahanati, mimi nikitembea kando ya kichwa chake.

"Ulikuwa wapi?" akaniuliza.

"Kwa Ta Rwegasira."

"Basi vizuri," akasema.

Hakusema tena. Zahanati hatukuifikia.

Tulipomrudisha, Tata hakuwepo nyumbani. Nilimkuta rweya, amesimama kwenye nyasi na mbuzi wake, anaitazama njia. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nilipomweleza alikaa chini, naye hakunilaumu, siku ile wala siku nyingine yoyote. Alisema tu, "Nilikuwa nawangoja."

Miaka ikapita, nikaoa tena, Mungu akatupa watoto. Lile tetemeko kubwa lilipokuja, watoto wetu walikimbilia rweya bila kuambiwa, kwa sababu tangu wakiwa wadogo tuliwazoeza kama mchezo. Bibi yenu alifika amemshika mkono mama yake mzazi. Niliwatazama mmoja mmoja, wote wapo. Hata hivyo niliendelea kuitazama njia ya chemchemi, na bibi yenu akaja akasimama karibu yangu.

Migomba ya Maruku bado inazaa. Kila mkungu unapokatwa naomba nipikiwe ndizi za kwanza, nile peke yangu kidogo.

Sasa nisikilize. Leo, kabla hujalala, waulize watu wa nyumba yako: tutakutana wapi? Chagueni mahali pa wazi, mbali na kuta na nyaya za umeme, na kila mtoto apajue kwa miguu yake. Amueni nani atamshika mkono mzee. Ukitoka nyumbani, hata kwa jirani, aga. Usione haya, kuaga si utumwa. Ukishatoka nje usirudi ndani, si kwa simu wala kwa vyeti. Vyeti viwe vimewekwa pamoja kwenye mfuko mmoja karibu na mlango mapema. Na fundi akikuambia nyumba ifungwe mkanda, subiri, lala kwa wazazi mwaka mmoja zaidi. Anayekupenda akikuuliza swali la namna ile, mjibu. Acha kazi unayofanya umjibu vizuri, mpaka aridhike.

Mungu aishike ardhi iliyo chini ya nyumba yako, mwanangu. Na siku itakapotikisika, akutoe nje pamoja na watu wako wote, na kila jina utakaloliita liitikie.