Bomba la Sindano la Baba

Harufu ya spiriti kwenye pamba hunirudisha nyumbani kwetu karibu na Mhunze. Juzi ilinikuta kwenye zahanati hapa Masumbwe, nimelala kifudifudi, uzee wangu wote nje, nasubiri kuchomwa. Nitafika huko. Nianze na baba.

Baba alikuwa mfugaji, na ng'ombe wa kijiji kizima aliwachoma sindano yeye. Bomba lake lilikuwa la kioo, akilichemsha kwenye sufuria ambayo mama alikataa kuipikia tena. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini sindano nilizijua kwa kumtazama. Ya chini ya ngozi, alivuta ngozi ya shingo ikasimama kama hema, akaipitisha sindano kwa kuilaza. Ya nyama, aliisimamisha wima, akaizamisha katikati ya tako. Aliniambia, "Kabula, mwili una vyumba. Dawa ikikosea chumba, haimkuti mgonjwa."

Masika moja homa ikamshika mdogo wangu Masanja, wa miaka sita. Mto ulikuwa umefurika, na zahanati iko ng'ambo. Baba alikuwa na kichupa cha dawa ya watu, alichokinunua dukani.

"Baba Kabula, huyo siyo ndama," mama akasema.

"Nyama ni nyama. Kabula, shika miguu."

Nikashika. Sindano ikazama katikati ya tako, pale pale pa ng'ombe. Masanja alilia mara moja tu, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu wane!" Mguu wa kulia ukalegea mikononi mwangu kama kamba iliyokatwa.

Homa ilipona. Mguu haukupona.

Sasa, kwetu kuni zilikuwa shida, tulipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi wake unakula macho. Mama yangu mwenyewe alizeeka na macho mekundu. Lakini mama alikuwa na mume na watoto. Jirani yetu Bibi Milembe, mwenye macho mekundu vilevile, alikuwa mjane, hana mtu, na siku moja kabla ya homa alikuwa amempapasa Masanja kichwani, akimsalimia. Ikatosha aitwe mchawi. Sindano hakuna aliyeiulizia, maana sindano ni dawa. Wanawake wakaacha kuchota maji naye. Sisi watoto tukimwona njiani tulimwimbia, "Macho ya moto, rudisha mguu!" Nisiwafiche, sauti kubwa ilikuwa yangu. Baba alikuwa akisikia. Alitazama chini.

Siku chache baadaye nililikuta bomba nyuma ya zizi, limepondwa kwa jiwe. Na tangu hapo, kila asubuhi, baba alimpelekea Bibi Milembe kibuyu cha maziwa. Tulidhani anamwogopa. Bibi Milembe alipofariki, kaburi alichimba baba, karibu peke yake.

Basi, juzi. Nesi, binti mdogo tu, kabla ya kunichoma alinichorea msalaba kwa kidole juu ya tako, akachagua pembe ya juu, upande wa nje.

"Mbona unapima kama fundi seremala?" nikamtania.

Akacheka. "Bibi, katikati hapo umepita mshipa mkubwa wa fahamu, unashuka mguuni. Ukiuchoma huo, mguu umekwenda."

Nikaushika ukingo wa kitanda. Akaniuliza kama ameniumiza. Nikamwambia, hapana mjukuu wangu, maliza.

Miaka yote hiyo nilikuwa shahidi bila kujua. Mimi ndiye niliyeshika ule mguu. Nani alimwambia baba, au alijua mwenyewe kwa mkono wake palepale sindano ilipogota, sijui. Ila alijua. Neno moja mbele ya watu lingemrudisha Bibi Milembe kisimani na wenzake, na baba hakulisema. Alipeleka maziwa.

Nami naukumbuka mlango ule. Bibi Milembe alikuwa akitoka, anapiga goti, anakipokea kibuyu kwa mikono miwili. "Wabeja," anamwambia baba, yaani asante. Kila asubuhi, mpaka alipokufa, alimshukuru.