Leseni ya Ukutani

Siku Restuta aliposema seva yetu haina leseni, Meneja Fredy alinyoosha kidole ukutani, kwenye leseni ya biashara iliyotiwa fremu. "Na ile ni nini, kalenda?" Ofisi nzima tulicheka. Mimi wa mapokezi nilicheka kwa sauti zaidi.

Restuta alikuwa fundi wa kompyuta wa chama chetu cha wakulima wa zabibu, pale Makole. Alikuwa ametengeneza tovuti ya zamu: mkulima anafungua simu, anaona siku yake ya kupeleka mzigo, ndipo anachuma. Zabibu ikishachumwa haina subira, na jua la Dodoma halina huruma.

Tatizo lilikuwa programu iliyoendesha seva. Ilikuwa toleo la majaribio, la bure, linaloruhusiwa kwa kujifunzia tu, si kwa kuhudumia watu. Muda wake ukiisha unaongezwa, lakini mara chache. Kila ulipoisha, meneja alisema, "Ongeza, tutanunua leseni msimu ujao." Sijui msimu huo alikuwa anaungoja kutoka wapi.

Agosti, katikati ya mavuno, nafasi za kuongeza zikaisha. Seva ikaanza kujizima kila saa. Tukalaumu umeme, kama kawaida yetu. Meneja akanunua betri mpya, seva ikajizima vilevile. Zamu zikavurugika, wakulima wakachuma kwa siku ambazo zilishahamishwa, na malori yakajaa getini.

Ndipo meneja akaja na flashi yenye nakala ya programu ileile. "Weka hii. Mjini hapa wote wanatumia."

"Bosi, hii ni ya wizi," Restuta alisema. "Aliyevunja kufuli yake hatumjui, na seva imebeba taarifa za wakulima wote. Siweki. Tununue leseni."

Meneja hakubishana. Alitoka moja kwa moja hadi getini, akapaza sauti: "Jamani, mashine ni nzima! Mtaalamu wetu ndiye amekataa kuiwasha."

Nilitamani kumrushia kiti. Mbele kabisa ya wakulima waliokuwa wakingoja alisimama mzee Bartolomayo kutoka Mpunguzi, baba mzazi wa Restuta. Kreti zake zilikuwa zinachuruzika maji na nyigu wamezizunguka. Zabibu za msimu mzima.

Restuta akatoka. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ni kweli umekataa?"

"Nimekataa, baba, lakini..."

"Ungeiwasha ungepungukiwa nini?"

Restuta alizitazama zile kreti. "Leseni, baba. Hatuna leseni."

Mzee akachungulia ndani kupitia mlango uliokuwa wazi. Akatazama ukuta kwa muda, kisha akamtazama binti yake kama mtu aliyedanganywa na mtoto wake mwenyewe.

"Mbona naiona ile pale?" alisema, akainama na kuanza kumwaga kreti ya kwanza.