Shela ya zambarau imebaki moja

Leo nimesema uongo sokoni Matrah, na nilomdanganya amenisitiri.

Zuhura, mtoto wa mjomba, amekuja kututembelea huku ng'ambo kutoka Unguja. Wiki nzima Mama anamwambia, "Chagua mwanangu." Mie nabeba mifuko.

Leo kachagua shela. Ileile ninayoitamani tangu kabla ya Idi.

"Maryam, muulizie mwenzio kama ipo ya zambarau," Mama akasema, akaenda zake kununua udi.

Muuzaji akanijibu kwa Kiarabu kuwa imebaki moja.

Nikamgeukia Zuhura. "Zimekwisha."

(Sauti haikutetemeka hata kidogo. Mie, nisiyeweza kujibu swali darasani.)

Tukenda Ruwi kula shawarma. Zuhura akaagiza mwenyewe, tatu, moja bila kitunguu, kwa Kiarabu kilichonyooka.

"Umejifunza wapi?" nikamuuliza.

"Chuoni, kwa maalim wa madrasa. Miaka minane."

Nikaifunga shawarma yangu tena kwenye karatasi yake.

Garini Mama akauliza, "Zuhura, mbona shela hukuchukua?"

"Zimekwisha, shangazi." Akanitazama. "Si ndiyo, Maryam?"

Nikasema ndiyo.

Shela bado iko pale, na pesa ya Idi nnayo. Nitaivaaje sasa? Niambieni nyinyi.