Nyuki Kwenye Kasha la Mavyaa

Naandika haya kwa hasira, kwa sababu mtaa mzima wa Kuze unakisimulia kisa changu na hakuna anayekisimulia sawa. Wengine wanasema nyuki waliuma watu kumi, wengine ati nafuga nyuki chumbani kwa uchawi, na juzi muuza mboga kaniuliza kama ni kweli bibi harusi alivimba uso. Hakuna aliyevimba! Aibu ni yangu, nimeikubali, basi afadhali niieleze mwenyewe niliyekuwako.

Nina mzinga mmoja juu ya paa, pale tunapoanika nguo. Kiangazi kilichopita maua yalikauka, nyuki wangu wakafa njaa wote, zikabaki fremu, vile viunzi vya mbao vya ndani ya mzinga, na masega matupu. "Tupa uchafu huo," akasema mavyaa wangu (mamake mume wangu, nyumba ni yake na neno la mwisho ni lake). Nikakasirika. Jamani, nyuki hula asali nyingi mno ndipo wajenge sega moja, na kundi jipya ukilipa masega yaliyokwisha kujengwa linaanza kuyajaza papo hapo, sasa nani anabomoa nyumba nzima kwa sababu mpangaji kafa? Nikazikagua fremu moja moja, zilizoliwa na nondo nikazichoma, nzima nikazikwangua nikaziweka.

Taabu ikawa pa kuziweka, maana mzinga wenyewe ulikuwa kwa seremala. Ndipo nikaliona kasha la mavyaa, kubwa, la mbao, liko chini ya dirisha la sebule, kufuli yake iling'oka zamani ikaacha tundu la kuingia kidole, na ndani mna vitambaa vya meza tu. Nikavitoa, nikapanga fremu zangu, zikaingia kana kwamba zimepimiwa. Nikalaza mto juu yake. Sikumwambia mtu.

Mfugaji yeyote angenizaba kofi. Nyuki wanaotafuta makao hufuata harufu ya masega ya zamani, na mimi nimewawekea masega, giza na mlango mdogo, yaani hoteli kamili, sebuleni! Na nilikuwa nalijua hilo (ila nina mtoto anayeota meno, msiniulize akili ilikuwa wapi).

Kesho yake nyuki mmoja mmoja wakaanza kuja kuchungulia tundu. Mavyaa akawaona.

"Mama Yusra, nyuki hawa wafuata nini hapa?"

"Asmini yako, mama," nikamjibu.

Asmini ilikuwako kweli, imepambwa sebule nzima, kwa sababu siku hiyo wifi yangu Rukia alikuwa anajiwa na wanawake kutoka mtaa wa Bondeni. Posa ilishaletwa, sasa mamake kijana anakuja kuitazama nyumba na watu wake kabla ya kukata shauri. Rukia anampenda kijana huyo mpaka chakula hakimpiti kooni. "Wifi, leo usinitie aibu," akaniambia, "naujua mdomo wako." Laiti ungekuwa mdomo!

Wakaja watatu: mama mtu mwenyewe, Bi Zuhura, mnene, mpole, na dada zake wawili wenye macho ya kukagua mpaka vikombe. Mavyaa kwa heshima zake akamkalisha Bi Zuhura pahali penye upepo kushinda pote. Juu ya kasha. Mimi nimesimama na sinia ya visheti, niseme nini? "Inuka, umenikalia masega"? Nikapitisha visheti. Si hayana nyuki, nikajiambia.

Tukasikia mngurumo. "Mashine gani hiyo?" akauliza dada mmoja.

"Cherehani ya jirani." (Jirani hana cherehani.)

"Kwani ashona hema?"

Kabla sijamjibu, dirisha likawa jeusi. Bumba zima la nyuki likamiminika ndani, nami napiga kelele, "Msiwapige! Hawaumi, wanahama tu!" Nani wa kunisikiliza? Mavyaa alimnyakua Yusra wangu akatoka naye, Rukia akajifungia jikoni, na wale dada wawili wakatimka mpaka uchochoroni miguu mitupu, vichwa wazi, mabuibui wameyaacha kwenye viti, na saa hiyo hiyo wanaume wanatoka msikitini kuswali alasiri. Astaghfirullah!

Bi Zuhura hakuondoka. Nyuki wamefunika uso wa kasha na pindo la buibui lake, wanasukumana tunduni kama abiria wa feri.

"Usisogee, mama," nikamwambia.

"Mwanangu, na magoti haya, nisogee niende wapi? Hebu nambie, waingia wapi hawa?"

Ikabidi niseme. "Ndani ya kasha ulilokalia. Nilificha masega makuukuu."

Akanitazama. "Kwa hivyo mimi ndimi kifuniko."

"Ndiyo, mama."

Akaanza kucheka, polepole, mwili mzima, na mimi namsihi asicheke kwa sababu kasha linatikisika.

Walipokwisha kuingia nikaziba tundu kwa kitambaa, nikamshika mkono, tukatoka. Nje mavyaa kainamisha kichwa, Rukia katokea mlango wa jikoni analia, na wale dada wanafoka, "Twende zetu! Nyumba gani hii!" Bi Zuhura akavaa viatu vyake bila haraka.

"Msichana tumemkubali," akasema. "Ila harusi itafanywa kwetu. Na huyu," akaninyooshea kidole mbele ya mtaa mzima, "atakuja mikono mitupu. Hata kikapu sitaki kumwona nacho."

Rukia akanirukia shingoni, mavyaa akanipa mgongo.

Mzinga uliporudi kutoka kwa seremala, fremu nilizihamisha na nyuki wake juu ya paa, na masega yale ya marehemu sasa yamejaa asali. Nitaendelea kuyatumia, hilo hanikatazi mtu. Lakini kuyaweka chini ya makalio ya mgeni wa heshima? Sirudii, wallahi sirudii.